Namna ya Kuamua Chama cha Kukipigia Kura: Mwongozo Kamili wa Mpiga Kura wa Kawaida

Wapiga kura wengi wanaojaribu kulinganisha vyama kwa jedwali huishia kwenye lalamiko lilelile. Wamesoma ilani, wamejaza jedwali kwa uaminifu, na chama walichokipenda tangu awali kimeshinda kila mstari. Wengine hulalamika kinyume chake, kwamba vyama vyote vimetoka sare kwa kuwa vyote vimeahidi elimu, afya na ajira.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni mpangilio wa kazi. Anayeanza kwa kusoma ilani huazima maswali kutoka kwa chama, na hakuna chama kitakachokuuliza swali ambalo chenyewe hakina jibu lake. Kwa hiyo hapa tunaanza na wewe, vyama vinafuata baadaye, na hesabu ya kura inakuja karibu na mwisho. Tenga jioni nne au tano, na uanze walau wiki tatu kabla ya siku ya uchaguzi, kwa sababu wiki ya mwisho ya kampeni ina kelele nyingi mno kwa kazi ya namna hii.

## Vitu vinavyohitajika

- Daftari na kalamu. Simu inafaa kwa kusomea, lakini uamuzi uandike kwa mkono, ili ulichokikata kibaki kinaonekana.
- Ilani kamili za vyama utakavyovilinganisha. Kipeperushi hakitoshi, kwa kuwa kimeondolewa masharti yote yanayofuatana na ahadi.
- Ilani za uchaguzi uliopita za vyama hivyohivyo, zikipatikana.
- Kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, yaani Hansadi, pamoja na bajeti ya sasa na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali.
- Maelezo ya tume ya uchaguzi kuhusu namna kura zinavyohesabiwa na viti vinavyogawanywa.
- Mtu mmoja unayemheshimu ambaye anaunga mkono chama tofauti na chako. Utamhitaji katika hatua ya 7, na hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Kabla ya yote, hakikisha jina lako limo katika daftari la wapiga kura na unakijua kituo chako. Bila hilo, kazi yote inayofuata haina faida.

## Hatua ya 1: Andika mambo yako kabla ya kugusa ilani yoyote

Andika mambo matano unayotaka serikali ijayo iyashughulikie. Matatu yatoke katika maisha yako mwenyewe, na mawili yahusu nchi nzima hata kama hayakugusi moja kwa moja, kwa mfano uhuru wa mahakama au ukubwa wa deni la taifa. Mgawanyo huu una sababu yake: unachagua serikali ya watu wote, lakini asiyejua shida zake mwenyewe hupokea shida alizochaguliwa na mwingine.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hivyo niruhusu nikae kidogo. Niliwahi kumsaidia mama mmoja fundi cherehani anayefanyia kazi nyumbani kwake. Orodha yake ya kwanza ilisomeka hivi: uchumi, afya, elimu, usalama, maendeleo. Ilikuwa ni orodha ya hotuba ya kampeni, wala haikuwa na chochote chake. Nilimuuliza ni kitu gani kilichomtia hasara mwezi uliopita, akajibu bila kufikiri kwamba umeme ulikatika mchana kwa siku tisa, na wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao. Alikata neno "uchumi" kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: "Umeme usikatike saa za kazi, na ukikatika nijulishwe mapema." Sentensi hiyo inaweza kuwekwa mbele ya ilani yoyote ikadai jibu. Neno "uchumi" haliwezi, kwa kuwa kila chama kitalijibu kwa kurasa thelathini.

Jipime kwa swali hili: je, baada ya miaka mitano nitaweza kuangalia na kusema jambo hili limefanyika au halikufanyika? Kama huwezi, liandike upya.

Kisha angalia kama jambo lenyewe ni kazi ya serikali kuu. Nchini Kenya, kwa mfano, Katiba ya 2010 ilikabidhi sehemu kubwa ya huduma za afya kwa serikali za kaunti, kwa hiyo zahanati isiyo na dawa huenda ikawa ni hoja ya kumuuliza gavana kabla ya rais. Jambo lisilo la ngazi hii lihamishie ukurasa wa pembeni, kwa ajili ya kura nyingine.

Tahadhari: jina la chama au la mgombea lisionekane katika ukurasa huu.

Utajua umefaulu ikiwa mtu asiyekufahamu atausoma ukurasa wako na kushindwa kukisia unaunga mkono upande gani.

## Hatua ya 2: Yape mambo hayo uzito, kisha weka mstari usiovukwa

Gawa pointi 20 kwa mambo matano, na usiruhusu mawili yapate pointi sawa. Itakuuma kidogo, na inapaswa iwe hivyo, maana serikali nayo itabanwa na fedha kama unavyobanwa wewe na pointi. Ukiyapa yote uzito mmoja, chama chenye ahadi nyingi ndogondogo kitakipita chama chenye jibu zuri kwa shida yako kubwa kuliko zote.

Chini ya orodha andika mstari mmoja usiovukwa, yaani jambo ambalo chama kikilifanya hukipigii kura hata kikiongoza kwa pointi. Kwa wengine ni kuchochea chuki dhidi ya kabila au dini fulani, na kwa wengine ni kukataa kukabidhi madaraka baada ya kushindwa. Uandike leo. Ukiuacha hadi kampeni ipambe moto, utausogeza mbele au nyuma kulingana na nani aliyeuvuka.

## Hatua ya 3: Punguza vyama hadi vitatu au vinne

Chukua chama unachokipenda, chama usichokipenda chenye wafuasi wengi, na kimoja au viwili ambavyo hujawahi kuvifikiria. Usikiache kile usichokipenda, kwa sababu bila yeye wa kushindana naye, mpendwa wako atashinda mbio za mtu mmoja.

Ikiwa nchi yako ina programu ya kulinganisha vyama kwenye intaneti, itumie hapa kama chekecheo. Uholanzi ilianza na Stemwijzer mwaka 1989, wakati huo ikiwa bado ya karatasi, na Ujerumani ina Wahl-O-Mat tangu 2002, inayompa mtumiaji kauli 38 za kukubali au kukataa na kumruhusu kuongeza uzito wa zile anazozijali zaidi. Ni vyombo vizuri, lakini vinapima kile vyama vinachosema vitafanya. Waliyokwisha kuyafanya hayamo.

## Hatua ya 4: Chambua ahadi, moja baada ya nyingine

Sasa fungua ilani. Usiisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Chukua jambo lako lenye pointi nyingi, tafuta sehemu inayolihusu, na unakili sentensi yenyewe neno kwa neno katika daftari lako. Kunakili kuna maana, kwa sababu tukisimulia kwa maneno yetu wenyewe huwa tunakikamilishia chama sentensi ambayo chenyewe kimeiacha wazi.

Kila sentensi iulize maswali matano, na kila swali lenye jibu lipe alama moja:

1. Nini hasa kitafanyika?
2. Kwa kiasi gani?
3. Kufikia lini?
4. Kwa fedha za kutoka wapi?
5. Kwa mamlaka gani, na je, inahitaji sheria mpya au mabadiliko ya katiba?

Linganisha sentensi hizi mbili nilizozitunga kwa mfano. Ya kwanza: "Tutaendelea kuimarisha na kuboresha huduma za afya kwa kuweka mazingira wezeshi." Ya pili: "Katika miaka mitatu ya kwanza tutaajiri wauguzi 6,000 katika vituo vya vijijini, kwa kutumia fedha zitakazopatikana kwa kufuta msamaha wa kodi kwa bidhaa za anasa." Ya kwanza inapata sifuri, kwa kuwa hata serikali itakayobandika rangi mpya kwenye ukuta mmoja itaweza kudai imetekeleza. Ya pili inapata nne, na swali la tano unaweza kulimaliza mwenyewe: kufuta msamaha wa kodi kwa kawaida hupitia bungeni, kwa hiyo chama kinahitaji wabunge wa kutosha.

Vitenzi vya kutilia shaka ni kuboresha, kuimarisha, kuendeleza, kuhamasisha na kuhakikisha. Si vibaya vyenyewe, ila vikisimama bila idadi wala tarehe vimebeba hewa.

Hata hivyo, tarakimu peke yake si uaminifu. Igawe mpaka uione. Chama kinachoahidi ajira 1,000,000 katika miaka 5 kinaahidi ajira 200,000 kwa mwaka, yaani karibu 550 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Baada ya kugawa, tafuta kama ilani inaonyesha ni kiwanda gani, shamba gani au ofisi gani itakayopokea watu 550 kesho asubuhi na wengine 550 keshokutwa. Isipoonyesha, usiipe alama ya swali la pili.

Swali la fedha ndilo gumu kuliko yote. Nchini Uholanzi, taasisi ya serikali inayoitwa Centraal Planbureau imekuwa ikikokotoa gharama za ilani za vyama tangu uchaguzi wa 1986, na vyama hujipeleka vyenyewe kukaguliwa. Pasipo na taasisi ya namna hiyo, chukua bajeti ya sasa, tafuta fungu la wizara husika, na uulize ahadi mpya ni sehemu gani ya fungu hilo. Hutapata jibu kamili, lakini utatofautisha ahadi inayohitaji nyongeza ndogo na ile inayohitaji wizara iongezewe maradufu.

Kisha zidisha: alama za sentensi mara pointi za jambo lako. Jambo lenye pointi 7 likijibiwa kwa sentensi ya alama 4 linakipa chama 28. Ukijumlisha mambo yote matano unapata jumla ya chama.

Tahadhari: sentensi inayoeleweka wazi inaweza kuahidi jambo usilolitaka. Katika hali hiyo alama zake ziandike kama hasi. Chama kinachosema waziwazi kitakachokudhuru kimekuheshimu kwa kukwambia, lakini hakijakufaa.

Utajua umefaulu ikiwa chama unachokipenda kimepata sifuri walau mahali pamoja. Kama hakikupata, rudia usomaji wa sentensi zake ukijifanya zimeandikwa na mpinzani wake mkuu.

## Hatua ya 5: Pima rekodi kwa mizani moja

Kwa chama kilichoko madarakani, fungua ilani yake ya uchaguzi uliopita, chagua ahadi zinazogusa mambo yako matano, na utafute kilichotokea katika bajeti na katika ripoti ya mkaguzi mkuu. Ripoti hizo ni nene, lakini muhtasari wake husomeka, na mara nyingi hutaja mradi kwa jina, fedha zilizotengwa na fedha zilizotoka. Tofauti kati ya zilizotengwa na zilizotoka inasema mengi kuliko hotuba ya uzinduzi.

Kwa chama cha upinzani, angalia wabunge wake walipigaje kura katika miswada inayokuhusu, walipendekeza marekebisho gani, na halmashauri au majimbo wanayoyaongoza yanaendeshwaje. Chama kipya kisicho na rekodi kina watu wenye rekodi. Tafuta viongozi wake walikuwa wapi kabla ya hapo na walifanya nini.

Vyote viulize pia swali la ndani: wagombea wake hupatikanaje, na matokeo ya kura za maoni, yaani za wanachama kuteua wagombea, huheshimiwa? Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Chama kinachopindua uamuzi wa wanachama wake ukumbini kinakuonyesha mapema kitakavyoutendea uamuzi wa taifa.

Tenganisha kushindwa na kukataa. Kuna ahadi zinazokwama kwa ukame au kwa mdororo wa dunia, na kuna zinazoachwa kwa makusudi. Nchini Uingereza, mwaka 2010, wagombea wa Liberal Democrats walitia saini ahadi ya kupinga nyongeza ya ada za vyuo vikuu. Wakaingia katika serikali ya mseto, na mwezi Desemba mwaka huohuo sehemu yao ikapiga kura kuruhusu ada ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 chama hicho kilishuka kutoka viti 57 hadi 8. Mtu anaweza kusema mseto uliwalazimisha, na kuna ukweli ndani yake, lakini ahadi yao haikuwa imesema "tukitawala peke yetu". Kwa hiyo uliza kila chama: ni ahadi ipi hamtaitoa mezani mkilazimika kutawala na wengine?

Punguza au ongeza hadi robo ya jumla ya chama kwa sababu ya rekodi, na uandike sababu kwa sentensi moja.

## Hatua ya 6: Jua kura yako inageukaje kuwa kiti

Hadi hapa unajua unachokipendelea. Kukipigia kura ni jambo la pili, kwa sababu kura ileile huzaa matokeo tofauti chini ya mifumo tofauti.

Ambapo kila jimbo lina mshindi mmoja na duru ni moja, kura zilizotawanyika hupotea. Uingereza mwaka 2015, chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni 3.9 na kiti 1, wakati SNP, chama cha Scotland chenye kura chini ya milioni 1.5 zilizokusanyika huko, kilipata viti 56. Mwaka 2024, chama cha Labour kilipata viti zaidi ya 400 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 ya kura.

Ambapo viti hugawanywa kwa uwiano, chama kidogo hupumua, lakini chunguza kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikifikie ili kigawiwe viti. Nchini Ujerumani ni asilimia 5, na mwaka 2025 chama cha BSW kilipata asilimia 4.98 kikakosa kuingia bungeni. Uholanzi haina kiwango zaidi ya kura za kutosha kupata kiti 1 kati ya 150.

Ambapo kuna duru mbili, watu hudhani duru ya kwanza ni ya kufurahisha moyo. Ufaransa mwaka 2002 ilikuwa na wagombea urais 16, kura za mrengo wa kushoto zikagawanyika, na Lionel Jospin, mgombea wa mrengo huo, akaachwa nje ya duru ya pili kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Nchini Kenya mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, kwa hiyo kura ya kaunti yenye wapiga kura wachache ina uzito wake.

Uliza pia kura ya mbunge inafanya kazi ngapi. Nchini Tanzania, kura za wabunge wa majimbo ndizo zinazotumika kugawa viti maalumu vya wanawake kwa vyama, na mbunge anayekihama chama chake hupoteza kiti. Kura yako huko inamfuata mtu, lakini inakaa mikononi mwa chama.

Mwisho, tazama mseto unaowezekana. Afrika Kusini, ANC na DA walikuwa wapinzani wakubwa hadi siku ya kura ya Mei 2024, na mwezi uliofuata wakawa ndani ya serikali moja. Aliyempigia mmoja kura alipata na sehemu ya mwingine.

Je, uhamie chama chako cha pili kwa sababu cha kwanza hakina nafasi? Ushauri wangu ni kuhama pale tu masharti haya matatu yanapokutana: mfumo ni wa duru moja na mshindi mmoja, pointi za cha pili ziko karibu na za cha kwanza, na cha tatu chenye nafasi ya kushinda kimevuka mstari wako. Likikosekana hata moja, piga kura yako ya kweli. Na habari ya "hakina nafasi" itoke kwenye matokeo ya jimbo lako ya uchaguzi uliopita, isitoke kwa wapambe wa chama shindani.

## Hatua ya 7: Mpe mpinzani daftari lako

Mpe yule mtu uliyemwandaa daftari, na umwombe atafute mahali ulipopendelea. Usimwombe akubadilishe msimamo. Mwulize swali moja tu: "Ni sentensi gani ya chama chako niliyoinyima alama isivyo haki?"

Kaa kimya anaposoma. Ukijikuta unatetea alama kwa sauti ya juu, ziwekee duara na uzipitie kesho yake peke yako. Huhitaji kubadilisha chochote ili hatua hii iwe na faida. Inatosha kwamba kila alama inaweza kuelezwa mbele ya mtu asiyekubaliana nawe.

## Hatua ya 8: Amua siku tatu kabla, kisha funga daftari

Andika chama, andika sababu mbili, tia tarehe. Baada ya hapo, habari mpya ibadilishe uamuzi wako ikiwa tu inagusa mstari usiovukwa na imethibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana. Uzushi mwingi hutolewa katika saa za mwisho kwa makusudi, ili kusiwe na muda wa kuukanusha.

Akija mtu na fedha, fulana au mfuko wa zawadi, kumbuka kwamba katika nchi nyingi anayetoa na anayepokea wote wanatenda kosa. Aliyekwisha kupokea naye asidhani amefungwa, maana kura ni ya siri na hakuna anayeweza kuiona.

Ndani ya chumba cha kupigia kura, weka alama kama tume ilivyoelekeza, usiandike jina lako, na usipige picha ya karatasi. Kura nyingi huharibika kwa alama iliyogusa visanduku viwili. Ukikosea, usirekebishe kwa kukatakata. Mrudie msimamizi na uombe karatasi nyingine kabla hujaitumbukiza sandukuni.

Daftari usilitupe. Katika ukurasa wa mwisho nakili zile ahadi za chama ulichokipigia kura zilizojibu mambo yako matano, kila moja na tarehe yake. Siku bajeti ya kwanza ya serikali mpya itakaposomwa, fungua ukurasa huo na utie alama pembeni ya kila ahadi iliyotengewa fedha.